Timu Hufa, Klabu Hubaki: Historia ya Klabu Ndogo za Kandanda na Somo Lake kwa Kasigau

Mwaka huu mlezi wa Chama chetu cha Kiswahili aliponiuliza nitaandika nini katika jarida, nilimjibu bila kusita, "Mwalimu, nitaandika historia ya timu ya kijiji chetu." Nilidhani ni kazi ya Jumamosi moja tu. Timu yenyewe si naijua? Mimi ndiye beki wa kulia. Baba mdogo aliichezea, na mjomba alikuwa mlinda lango mpaka goti lilipomkataa.

Jumamosi ilipofika nikachukua kalamu na karatasi, nikaenda kuwauliza wakubwa. Mzee wa kwanza nilimkuta na mbuzi wake. Nikamwamkia, akaitikia, akaniambia timu ilianza mwaka ule wa ukame mkubwa, 1984. Mzee wa pili akakataa katakata. Alisema yeye aliichezea kabla hajaoa, na kifungua mimba wake alizaliwa 1979, sasa hiyo 1984 imetoka wapi? Nikaenda kwa mama mmoja muuza maandazi ambaye nyumba yake inatazamana na kiwanja. Huyo alicheka mpaka akaweka mwiko chini. "Mwanangu," akasema, "hao wote wasema kweli. Timu hiyo imekufa mara tatu ikafufuka mara tatu. Wewe wauliza ya ngapi?"

Nikauliza kama kuna daftari. Nikaambiwa lilikuwapo, jeusi, limeandikwa majina ya wachezaji, michango na matokeo ya mechi. Lilikaa kwa katibu. Katibu akaenda Mombasa kutafuta kazi, daftari likabaki darini, mchwa wakajilia. Hiyo ndiyo historia ya timu yetu: iko tumboni mwa mchwa.

Jambo hili lingekuwa la kuchekesha tu kama si lile lililotokea kwenye baraza mwaka huu. Kuna watu waliopendekeza kiwanja chetu kikatwe kiwe ploti za maduka, maana kiko kando ya barabara. Vijana tukasimama kwa kishindo tukasema pale ni uwanja wa timu tangu zamani. Mzee mmoja akatuuliza kwa upole kabisa, "Tangu lini, wanangu? Timu hiyo ni ya nani? Na nani ana karatasi?" Wacha tunyamaze! Hakuna aliyekuwa na jibu. Mambo yakaahirishwa, na mpaka naandika haya bado hayajaamuliwa.

Basi nimebadilisha mada. Badala ya historia ya timu moja ambayo haina historia, nitaeleza historia ya klabu ndogo za kandanda kwa jumla: zilianzaje, ni zipi zilizokufa, ni zipi zilizobaki, na kwa nini. Wahenga walisema mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota.

Timu ni nini, klabu ni nini?

Wengi wetu huyachanganya maneno haya mawili. Timu ni watu kumi na mmoja na mpira. Mpira ukipasuka au watu wakitawanyika, timu imekwisha. Klabu ni chama. Ina wanachama ambao wengine hawajui hata kupiga mpira, ina mwenyekiti, katibu na mweka hazina, ina sheria zake, na ina kitu ambacho ni mali ya wote wala si ya mtu mmoja. Wachezaji huja na kwenda lakini chama kinabaki.

Klabu ya kandanda iliyo kongwe kuliko zote duniani ni Sheffield ya Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 1857. Kumbukeni kwamba sheria za mchezo huu zilizokubaliwa kule London ziliandikwa 1863. Kwa hiyo Sheffield walikuwa na klabu miaka sita kabla ya sheria hizo kuandikwa! Na klabu hiyo haijawahi kuwa kubwa kama Arsenal au Liverpool. Ni ndogo hadi leo, lakini ipo.

Klabu za aina hiyo huitwa klabu za ridhaa. Mchezaji wa ridhaa hacheza kwa mshahara. Hucheza kwa kuwa ameridhia mwenyewe, naye siku za kazi ni fundi, mwalimu, kuli wa bandarini au mwanafunzi kama mimi. Msidhani ridhaa ni udhaifu. Klabu nyingi kubwa mnazozishangilia zilianza kwa ridhaa.

Mpira ulivyotufikia

Kandanda iliingia Afrika Mashariki pamoja na Waingereza. Ilipita milango mitatu: bandari, reli na misheni. Mabaharia waliucheza bandarini. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikapita hapa kwetu Voi, ikafika Kisumu 1901. Kila ilipowekwa karakana ya reli, palikuwa na vijana wenye mshahara na jioni isiyo na kazi. Misheni nazo zilikuwa na shule. Hapa Taita wamisheni walifika mapema: Sagalla mwaka 1883 na Bura 1892.

Shule ndizo zilizoufanya mpira uwe wetu. Mfano unaojulikana sana ni wa Mwalimu Edward Carey Francis, Mwingereza aliyekuwa mkuu wa shule ya Maseno kuanzia 1928, kisha Alliance kuanzia 1940 hadi 1962. Yeye aliupenda mpira na kuufundisha kwa ukali ule ule aliofundishia hesabu. Vijana waliotoka katika shule kama hizo walipopata kazi mijini, waliubeba mchezo pamoja na vyeti vyao. Kufikia mwaka 1926 Kenya na Uganda zilikuwa zimeanza kushindania Kombe la Gossage, lililotolewa na kampuni ya sabuni. Kombe hilo ndilo babu wa Kombe la CECAFA la leo.

Lakini sisi wa Kasigau tulichelewa, na sababu si uvivu. Mwaka 1915, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani walivuka mpaka kutoka Tanganyika wakafika kwenye mlima wetu. Serikali ya Waingereza ikawashuku wazee wetu kuwa wamewasaidia adui, ikawahamisha kwa nguvu hadi Malindi. Wengi walifia huko kwa maradhi na njaa. Waliosalia hawakurudi kwenye mlima huu mpaka miaka ya 1930. Kwa hiyo wakati vijana wa Mombasa, Nairobi na Dar es Salaam walikuwa wakianzisha klabu zao za kwanza, watu wetu walikuwa wakianza upya kujenga nyumba na kulima mashamba. Nalisema hili ili mtu asije akatucheka kuwa hatuna klabu kongwe. Twajua tulikuwa wapi.

Nyumba mbili za Dar es Salaam

Tuvuke mpaka kidogo twende Tanzania, maana huko kuna mfano ulio wazi kuliko yote. Mwaka 1935 vijana Waafrika wa Dar es Salaam walianzisha klabu ya Young Africans, ambayo siku hizi twaiita Yanga. Haikuwa na pesa wala uwanja wa maana. Mwaka uliofuata, 1936, ulitokea mzozo, kundi moja likajitenga na kuunda klabu yake. Klabu hiyo mpya baadaye ilijulikana kwa jina la kigeni, Sunderland, ambalo ni jina la klabu ya Uingereza. Mwaka 1971 jina hilo likatupwa na klabu ikaitwa Simba.

Sasa tazameni. Timu ya kijiji ikigombana, inakufa. Yanga waligombana mwaka mmoja tu baada ya kuanza, na badala ya kufa zikawa klabu mbili! Mwaka 1965 ligi ya taifa ya Tanzania ilipoanza, bingwa wa kwanza alikuwa Sunderland. Mwaka 1993 Simba walifika fainali ya Kombe la CAF. Mwaka 2023 Yanga walifika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika, wakafungwa na USM Alger ya Algeria mabao 2 kwa 1 nyumbani, wakashinda 1 kwa 0 ugenini, wakakosa kombe kwa kanuni ya bao la ugenini tu.

Siri yao ni nini? Naona ni mbili. Ya kwanza ni wanachama. Mtu wa Yanga ana kadi, na kadi hiyo yampa haki ya kukaa mkutanoni na kupiga kura. Mchezaji akiuzwa, mwenye kadi bado yupo. Siri ya pili ni nyumba. Yanga wana jengo lao mtaa wa Jangwani na Twiga, na Simba wana lao mtaa wa Msimbazi, Kariakoo. Ukiwauliza "klabu yenu iko wapi?" wanakuonyesha kwa kidole. Sisi tukiulizwa, tulionyesha kiwanja, tukaulizwa karatasi, tukanyamaza.

Mabingwa watatu wa kwanza wa Kenya

Turudi nyumbani. Ligi ya taifa ya Kenya ilianza 1963, mwaka ule ule wa Uhuru. Bingwa wa kwanza alikuwa Nakuru All-Stars. Wa pili, 1964, alikuwa Luo Union. Wa tatu, 1965, alikuwa Feisal ya Mombasa.

Hapo nawaomba wanafunzi wenzangu mtulie kidogo. Feisal! Klabu ya Mombasa, ya watu wa Pwani hii yetu, ilichukua ubingwa wa Kenya nzima. Nilipowauliza wenzangu wa kidato cha tatu, hakuna hata mmoja aliyelijua jina hilo, ingawa wote waweza kunitajia wachezaji wa akiba wa Manchester City. Tangu 1965 hakuna klabu nyingine ya Pwani iliyochukua ubingwa huo. Bandari ya Mombasa walikaribia waliposhika nafasi ya pili msimu wa 2018 na tena 2018/2019, lakini karibu si kufika.

Leo hii, katika mabingwa hao watatu wa kwanza, hakuna hata mmoja unayeweza kumwita kigogo wa Ligi Kuu. Wengine walishuka, wengine wakabadilika majina. Luo Union walichukua tena ubingwa wa Kenya 1975, wakachukua na kombe la klabu za Afrika Mashariki na Kati 1976 na 1977, lakini jina lenyewe halipo tena ligini.

Majina yana kisa chake. Klabu nyingi za mwanzo zilikuwa za watu wa kabila moja waliokutana mjini. Kijana aliyefika Nairobi akiwa mgeni alitafuta watu wa lugha yake, na klabu ya mpira ilikuwa kama nyumba ya mjomba. Abaluhya walianza 1964. Gor Mahia ilianza 1968, ikabeba jina la mganga mashuhuri wa hadithi za Waluo, na mwaka huo huo ikawa bingwa. Mwaka 1980 serikali ikaamuru majina ya kikabila yaondolewe katika vyama na klabu. Hapo ndipo Abaluhya wakawa AFC Leopards, na Luo Union wakawa Re-Union.

Basi AFC walibadilishwa jina lakini hawakufa. Walichukua ubingwa 1980, 1981 na 1982 mfululizo, kana kwamba hakuna lililotokea. Kwa nini? Kwa sababu watu wao walibaki. Nao Gor Mahia mwaka 1987 walichukua Kombe la Washindi la Afrika, wakitoka sare 2 kwa 2 na Esperance kule Tunis na 1 kwa 1 hapa Nairobi, wakashinda kwa mabao ya ugenini. Mpaka leo hakuna klabu nyingine ya Kenya iliyochukua kombe la bara.

Upande mwingine kuna klabu za makampuni. Hizi huwa na basi, jezi mpya na mishahara, nasi twazionea wivu. Lakini tazameni Oserian, klabu ya shamba la maua kule Naivasha. Ilichukua ubingwa wa Kenya 2001 na tena 2002. Baada ya miaka michache haikuwapo ligini. Utalii nao walikuwa mabingwa 1997, na leo watoto hawawajui. Simlaumu mtu hapa. Kampuni kazi yake ni biashara, na mpira kwake ni pambo. Pambo huvuliwa. Klabu inayomtegemea mfadhili mmoja ni kama mtoto anayenyonya asiyefundishwa kula. Siku ya kuachishwa ndiyo siku ya kilio.

Barabara moja ya Dublin

Labda mtu atasema, "Hizo zote ni klabu kubwa. Sisi wadogo je?" Swali zuri. Nitawapa mfano wa klabu ndogo ya nchi ndogo: Home Farm ya Dublin, mji mkuu wa Ireland.

Klabu hii ilianza 1928 katika mtaa wa Drumcondra. Jina lake si la mfalme wala la mnyama mkali. Ni jina la barabara ya mtaani, Home Farm Road. Ni kama sisi tujiite "Barabara ya Rukanga" au "Njia ya Bungule". Walikuwa vijana wa mtaani waliocheza ligi ya mitaa. Home Farm hawakukimbilia kuwa matajiri. Waliamua kazi yao itakuwa kulea watoto, timu ya kila umri, mwaka hadi mwaka.

Matunda yake? Johnny Carey, aliyekuwa nahodha wa Manchester United walipochukua Kombe la FA mwaka 1948, alipitia Home Farm. Liam Whelan naye alitoka hapo akaenda Manchester United, akafa akiwa na umri wa miaka 22 katika ajali ya ndege ya Munich tarehe 6 Februari 1958, yeye na wachezaji wenzake saba. Nilisoma habari hizo nikatulia. Kijana wa klabu ya barabara moja, na dunia nzima ikamlilia.

Somo la Home Farm ni kwamba klabu hubaki kwa kuwa na wadogo wanaofuata. Timu yetu ya kijiji ina wakubwa tu. Kidato cha nne wakimaliza, mmoja aenda Voi, mwingine Mombasa, mwingine aajiriwa ulinzi wa wanyama, na timu yabaki na watu watano na kipa. Hatukuwa na timu ya watoto hata siku moja. Watoto tuliwatumia kuokota mpira vichakani tu, tena tukiwapigia kelele.

Pointi sita za Mathare

Mfano wa mwisho ni wa hapa hapa Kenya, na ndio unaonipa moyo kuliko yote, kwa kuwa ulianza bila kitu. Mwaka 1987, katika mtaa wa mabanda wa Mathare, Nairobi, kilianzishwa chama cha vijana kiitwacho MYSA. Mwanzilishi alikuwa Bob Munro, raia wa Kanada aliyekuwa akiishi Nairobi. Watoto wa Mathare walicheza mpira wa makaratasi ya plastiki yaliyofungwa kwa kamba, kama tuliocheza sisi sote. Viwanja vyao vilikuwa kando ya taka na mitaro michafu.

Sheria waliyojiwekea ndiyo iliyonifurahisha. Katika ligi ya MYSA timu ikishinda mechi yapata pointi tatu, kama kawaida. Lakini timu ikitoka kusafisha mtaa, kuzoa taka na kuzibua mitaro, yapata pointi sita! Yaani kufanya kazi ya mtaa kwalipa maradufu ya kushinda. Timu yaweza kufungwa uwanjani ikapanda juu ya jedwali kwa fagio. Mwaka 1992 wakaanzisha na ligi ya wasichana, na mwaka huo huo Umoja wa Mataifa ukawapa tuzo ya Global 500 kwa kazi yao ya mazingira.

Mwaka 1994 wakaunda Mathare United. Mwaka 1998 Mathare United wakachukua Kombe la Moi wakiwa bado si timu ya ligi ya juu. Mwaka 2008 wakawa mabingwa wa Kenya. Miaka 21 kutoka kwenye taka hadi ubingwa!

Lakini mimi sikuvutwa na ubingwa. Nilivutwa na jambo hili: MYSA waliufanya mtaa mzima uihitaji klabu. Mama asiyependa mpira alipenda mtaro wake uzibuliwe. Siku mtu akitaka kuwanyang'anya kiwanja, nani atanyamaza?

Sisi je?

Sasa narudi barazani, kwa yule mzee na maswali yake matatu. Tangu lini? Timu ni ya nani? Nani ana karatasi? Siku ile nilimkasirikia. Leo naona alitusaidia, kwa sababu maswali yake ndiyo nguzo za klabu zote nilizozieleza.

"Tangu lini" ni daftari. Bila maandishi kila mzee ana mwaka wake. Hata Yanga na Simba wangekuwa hadithi tu kama hawangeandika.

"Ni ya nani" ni wanachama. Jibu la sawa si "ya vijana" wala "ya mheshimiwa aliyetununulia jezi". Jibu ni orodha ya majina, ya wanaume na wanawake, waliolipa hata shilingi hamsini kwa mwaka.

"Karatasi" ni sheria ya nchi. Nimejifunza kwamba chini ya Sheria ya Michezo ya 2013, klabu huandikishwa kwa Msajili wa Michezo, na ili iandikishwe lazima iwe na katiba na viongozi. Tena kuna Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016, ambayo yaruhusu jamii kutenga sehemu ya ardhi yake kwa shughuli maalum ya wote. Maana yake ni kwamba kiwanja chaweza kulindwa, lakini hakiwezi kulindwa kwa kelele. Chalindwa kwa mkutano, kura na kumbukumbu zilizoandikwa. Vijana tulipiga kelele nyingi barazani, na hatukuwa na hata kipande cha karatasi.

Nami naomba niwe mkweli. Kosa si la wazee peke yao. Mwaka jana mimi nilichaguliwa katibu msaidizi wa timu. Niliandika mechi mbili, nikachoka, na kurasa za katikati za daftari nikazichana nikafanyia hesabu za mtihani. Kwa hiyo nilipowacheka wale wa zamani na mchwa wao, nilikuwa najicheka mwenyewe. Mchwa wa pili ni mimi.

Sasa nimefanya hivi. Nimenunua daftari jipya la kurasa 200 lenye jalada gumu. Ukurasa wa kwanza nimeandika maneno ya wale wakubwa watatu kama walivyosema, na tofauti zao zote, bila kuamua nani mkweli. Ukurasa wa pili nimeanza orodha ya wachezaji wa zamani, na wale waliofariki nimewawekea alama ndogo. Yule mama wa maandazi ametaja majina kumi na tisa, na mbele ya kila jina akanieleza alicheza nafasi gani na alikuwa mwana wa nani. Nikamwambia, "Mama, wewe ndiwe daftari." Akanijibu, "Ndiyo mwanangu, lakini na mimi nitakufa. Andika upesi."

Mambo matatu nawaomba wenzangu. Kwanza, likizo hii kila mmoja amuulize mzee mmoja wa kijiji chake, iwe Rukanga, Bungule, Jora, Makwasinyi au Kiteghe, habari za timu ya kijiji hicho, aandike, alete shuleni. Chama cha Kiswahili kitahifadhi. Pili, tuanze timu ya watoto Jumamosi asubuhi. Mimi nitakuwa pale saa mbili, hata wakija wawili. Tatu, tuige Mathare. Kabla ya kila mechi tufyeke njia ya kwenda kisimani, au tusafishe ua wa zahanati. Siku ya baraza linalokuja, wa kututetea wasiwe vijana peke yao.

Sina hakika kama kiwanja kitabaki. Yawezekana mkisoma jarida hili mwaka ujao pale patakuwa na duka la simu na mimi nitakuwa nimemaliza shule. Lakini hata hivyo akija mtu kuuliza "tangu lini?", jibu litakuwapo, limeandikwa kwa wino, limewekwa ndani ya sanduku la bati. Bati mchwa halali, na ufunguo nimempa mwalimu.

Kazi kwenu, wenzangu. Haba na haba hujaza kibaba. Wasalaam.